Paji Langu na Picha ya Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa kazini! Bosi anafungua studio ya pili ya picha, mtaa wa ofisi ya pensheni, na atachagua mmoja wetu awe msimamizi. Tuko wawili tu: mimi na mwenzangu ninayemwita Kichaka. Atatangaza baada ya wiki mbili. Akaongeza kwamba picha kubwa ya msimamizi itabandikwa kwenye kioo cha mlango, ili mteja ajue anamfuata nani.

Hapo ndipo nilipojishika paji.

Kichaka hajui kupiga picha. Akikupiga ya pasipoti, unatoka kama mtu aliyekamatwa. Lakini ana nywele! Juzi alitafuta kalamu asubuhi nzima, akanituhumu mimi, kumbe anayo kichwani. Mimi nina ufundi, nina subira, na nina paji la uso lisilojua pa kuishia. Nimetoa kitambulisho changu cha zamani nikakitazama. Nywele zilikuwa jirani na nyusi. Sasa zimehamia utosini, na hata huko naona zinaishi kwa kupanga.

Kichaka ananiita Uwanja. Mbele ya wateja!

Nimeamua. Yaani, nimekaribia kuamua. Nitapandikiza nywele.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza mke wangu. Kosa la kwanza.

Mke wangu ni fundi cherehani, na utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaja akanipima paji, kutoka nyusi hadi pale nywele zinapoanza. Akasema lingekuwa ni kitambaa angetoa kola, na kibaki cha mfuko.

Nikamwambia hili si jambo la mzaha, ni jambo la cheo. Akauliza pesa ya kupandikiza itatoka wapi. Nikakohoa. Akasema kama nafikiria pesa ya tangi la maji nifikirie tena, maana yeye ndiye anayebeba ndoo. Nikamwambia nikiwa msimamizi atapata matangi mawili. Akasema kwanza alione la kwanza.

Halafu akanikumbusha kwamba baba yangu, baba zangu wadogo wote, na hata shangazi mmoja, ni hivyo hivyo. Shangazi ameingiaje humu? Nimelala nimegeukia ukutani.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki ya nywele imejibu ujumbe wangu. Daktari anataka picha nne za kichwa: mbele, ubavuni, juu na kisogoni. Picha! Wamemwomba mwenye fani.

Mchana bosi alipotoka nikashusha pazia jeupe, nikawasha taa, nikaweka kamera ipige yenyewe. Ya kisogo ilinitesa. Kinyozi hajinyoi, na mpiga picha hajipigi kisogo. Nilikuwa nimeinama, nimeipa kamera mgongo, Kichaka akaingia na chakula chake. Akauliza nimeangusha nini. Nikasema kishikizo. Akasimama pale anatafuna, ananiangalia. Akasema ama kweli akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kisha akanitazama kichwani, akanipa pole.

Jioni nikaziweka picha kwenye kompyuta. Jamani! Sikuweza kuzituma vile zilivyo. Tangu nianze kazi hii hakuna picha iliyotoka mikononi mwangu bila kusafishwa. Ni heshima ya fundi. Kwa hiyo nikaondoa vumbi. Nikaondoa chunusi. Nikapunguza mng'aro wa paji, kwa sababu ule haukuwa mimi, ulikuwa ni taa. Paji likabaki tupu kama limesahauliwa, nikaleta kivuli kidogo. Kivuli bila nywele hakina maana, nikaongeza nywele chache pembeni. Upande mmoja ukazidi mwingine. Nikasawazisha.

Picha safi kabisa. Nimezituma.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari amejibu! Anasema ameziangalia picha zangu kwa makini, na sihitaji kupandikiza chochote. Anasema wapo wanaume wengi wangefurahi kuwa na kichwa kama changu. Amenishauri, kwa upole sana, nitafute mtu wa kuzungumza naye kuhusu hofu zangu.

Nilitembea hadi nyumbani kifua mbele. Daktari mzima, mwenye vyeti! Nikamsomea mke wangu ujumbe mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

Akasimamisha cherehani. Akaomba kuziona hizo picha. Akazitazama muda mrefu, akauliza huyu kijana ni nani, na kama ameoa. Halafu akanisogeza mbele ya kioo cha wateja wake, akaniacha hapo, akarudi kushona.

Nilisimama pale. Furaha ikanitoka taratibu, kama maji ya ndoo iliyotoboka.

Nimemkasirikia yule daktari. Mtaalamu gani huyo asiyeona tatizo lililo wazi hivi? Itabidi niende mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeomba ruhusa kazini nikidai jino linaniuma. Bosi akanihurumia sana. Kichaka hakunihurumia hata kidogo.

Chumba cha kungojea cha kliniki kimejaa wanaume wenye kofia. Hakuna anayemsalimia mwenzake. Joto limetanda na jasho linatutiririka, lakini wapi, hakuna aliyevua. Nami nilibaki na yangu.

Daktari akafungua mlango na picha zangu mkononi, akaita. Nikasimama. Akanipita kwa macho, akaangalia nyuma yangu, akimtafuta mwenye picha. Nikavua kofia. Akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha tena, akakaa chini. Akauliza picha zilipigwa lini. Nikasema Alhamisi. Akauliza tangu Alhamisi nimepatwa na nini.

Nikamweleza ukweli, au sehemu yake. Naye akanieleza wake, na huo ndio ulionivunja moyo. Nywele hazitoki hewani. Hung'olewa kisogoni mwa mtu mwenyewe, moja moja, zikapandwa mbele. Yaani nikope nyuma nilipe mbele! Kwanza kisogo chote kinanyolewa. Uso unaweza kuvimba. Halafu zile zilizopandwa zinadondoka kwanza, ndipo zinaota upya, polepole, karibu mwaka mzima.

Nikauliza kama zinaweza kuwahi Jumatatu ijayo. Daktari akaweka kalamu yake chini.

Amenipa hadi Ijumaa nilipie nafasi, au ampe mwingine. Kule nje kofia zinangoja.

Jumatano, 12 Machi

Jino langu la uongo linanipa taabu kuliko la kweli. Bosi kila akipita ananiuliza linaendeleaje. Kichaka amenunua karanga na anazitafunia mezani kwangu. Siwezi kuomba hata moja.

Mchana alikuja mwalimu mkuu mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi, kupiga picha ya kadi ya pensheni. Mzee huyu hana hata unywele mmoja. Kichaka akamwahi. Akamwashia taa zote mbili za mbele, pwaa! Kwenye picha ulikuwepo mwanga, masikio, na tai. Mwalimu mkuu akaitazama akasema kwa ukali kwamba yeye hajafa bado. Akaniomba mimi.

Nikazima taa moja. Nyingine nikaisogeza ubavuni na kuiwekea mwavuli mweupe. Nikampaka poda kidogo utosini, kidogo tu. Kamera nikaishusha ilingane na macho yake, isimchungulie kutoka juu. Nikamwomba afikirie darasa lililomaliza mtihani na kufaulu. Haya mambo sikufundishwa na mtu. Nimeyajua kwa kuhangaika na kichwa changu.

Nilipotaka kusafisha picha akanikataza nisiguse kitu. Akaishika kwa mikono miwili. Akasema huyu ndiye yeye, na kwamba marehemu mke wake angeipenda. Kisha akasema atawaambia wenzake wote wa pensheni.

Nilipogeuka bosi alikuwa amesimama mlangoni, ametutazama muda wote. Alikuwa anaangalia paji langu. Najua. Taa ilikuwa imelipiga sawasawa.

Basi, cheo kimekwenda. Ijumaa nalipia.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nimekuta pesa ya tangi iko mezani, kando ya chai yangu. Mke wangu kaiweka mwenyewe. Akasema nichukue. Amechoka kuishi na mwanamume anayepita ubavu kila penye kioo, na ndoo amezizoea.

Nikanyoosha mkono. Akasema ana neno moja tu. Akasema sokoni, hata watu wawe wengi vipi, yeye hanitafuti. Anainua macho, anaona kichwa hiki, anajua mume wake yule pale, na moyo wake unatulia. Nikikibadilisha, siku moja atarudi nyumbani na mume wa mtu.

Akaenda kuteka maji.

Nimekaa na ile chai mpaka ikapoa. Nampenda mwanamke huyu. Naandika hapa kwa sababu kumwambia usoni ataniuliza nimevunja nini. Pesa nimeirudisha mahali pake. Aliporudi nikamwambia nimeahirisha kwa sababu za kitaalamu. Akasema sawa, na akaniongezea sukari.

Kliniki nimewaandikia wampe nafasi mwingine. Nimekubali kichwa changu. Nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Jumatatu, 17 Machi

MIMI! Nimechaguliwa mimi!

Kichaka alishika kichwa, na mkono ukapotelea humo. Bosi akaeleza sababu zake. Alisema studio mpya itakuwa ya wastaafu, na wastaafu wengi ni mapaji, na hakuna anayejua kupiga mapaji kama mimi. Akasema wakiona picha yangu mlangoni watajua wamefika kwa mwenzao. Maneno marefu. Sikuyasikia yote, kwa sababu aliposema picha mlangoni moyo ulianza kwenda mbio.

Anasafiri wiki hii. Ameniagiza niipeleke picha mwenyewe kwa mchapishaji wa mabango.

Nimejipiga nyingine na kuitazama kwa haki. Haifai kwa ukubwa ule. Paji langu likichapwa bango zima, macho yatakuwa chini kabisa karibu na kitasa. Nikakumbuka ninayo tayari picha nzuri, iliyokwisha kuangaliwa kwa makini na daktari mwenye vyeti, na akasema haina tatizo lolote. Nani tena wa kuipinga?

Nimeipeleka hiyo.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya ufunguzi. Nimefuta vumbi kwenye taa. Nimepanga viti. Nimevaa suti aliyonishonea mke wangu. Nikangoja.

Wazee walikuja, siwezi kusema hawakuja. Wanafika mlangoni, wanaitazama picha, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Mmoja baada ya mwingine! Nikawapungia mkono kupitia kioo. Mmoja akanipungia pia, akaenda zake.

Mchana nikamwona mwalimu mkuu mstaafu amekuja na kundi lake, wote wanang'aa. Nikatoka mbio. Akafurahi kuniona, akauliza na mimi nimeletwa hapa kufanya kazi chini ya huyo wa mlangoni? Akanionya nisithubutu. Wenzake aliwaahidi bwana mwenye upara anayejua kazi, yaani mimi, lakini hapa pamewekwa kijana mwenye nywele, na wao na vijana wenye nywele wameshaonana. Nikamwambia yule wa kwenye picha ni mimi. Akavaa miwani. Akasogea hadi kwenye bango, akarudi. Akaniuliza, taratibu, kama mwalimu anavyomuuliza mtoto aliyenakili jibu, ni kwa nini.

Kisha akaligeuza kundi lake, wakaondoka.

Bosi alifika jioni akiwa na begi lake la safari. Akasimama mbele ya mlango. Akasema kesho asubuhi anataka kuona sura yangu halisi kwenye kioo hicho, au kiti hiki atakikalia Kichaka. Leo Kichaka amewapiga picha wazee waliorudi studio ya zamani, na bado wanafikicha macho.

Jumanne, 25 Machi

Nimejirudi. Nimejipiga picha mpya alfajiri, nikaichapa vipande vipande kwa mashine ya studio, nikabandika kabla mtaa haujaamka. Nywele sikuweka. Hata moja! Paji lote liko hadharani, mwanzo hadi mwisho. Liliniuma, lakini nimeona kweli mficha uchi hazai.

Na wamekuja! Mwalimu mkuu aliigonga ile picha kwa fimbo yake, akasema huyu ndiye. Viti havikutosha. Mzee mmoja alinisugua upara kwa furaha. Bosi alipita, akatazama mlango, akanipa mkono. Kiti ni changu.

Mke wangu aliniletea chakula mchana. Alisimama mbele ya bango akafurahi, akasema kichwa ni chenyewe, angekitambua popote. Kisha akakunja uso. Akavuta utepe shingoni, akaupitisha kwenye kioo, bega hadi bega. Akasema suti ile ameishona yeye, vipimo anavijua, na mwanamume huyu haingii ndani yake.

Nikamwambia hayo mabega ni yangu. Nimeyanyoosha tu. Fundi hatoi picha bila kuisafisha kidogo.

Ila ameniachia mawazo. Nimejitazama kwenye kioo, na ni kweli, kwa msimamizi yameporomoka. Jioni nimemwandikia yule daktari kumuuliza kama mabega nayo hupandikizwa. Nimeambatanisha picha.