Itifaki ya Poromoko

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Mheshimiwa shemeji yangu, mwenye nyumba, mheshimiwa mdogo wangu, ambaye ni mkewe na nahodha wa boti, ndugu mpishi, na nyote mliohudhuria meza hii ya asubuhi.

Hivyo ndivyo nilivyokusudia kuanza. Sikufika kwa mpishi. Shemeji aligonga kikombe kwa kijiko, akasema shangazi yake anakuja Jumamosi kuishi nasi, naye atapewa chumba cha mbele.

Chumba cha mbele ni changu! Kina dirisha linalotazama mto, kioo cha kufanyia mazoezi ya hotuba, na msumari wa kutundikia koti. Nimekaa humo tangu ukumbi wa manispaa uliponistaafisha, mimi niliyekuwa afisa itifaki wao. Mgeni rasmi alisinzia nikimkaribisha, akaanguka jukwaani. Uchunguzi haukuzingatia uchovu wake.

Nihamie wapi? Stoo ya pampu, pamoja na boti. Shemeji anasema ni kwa muda tu. Nimewaandikia wakubwa hotuba nyingi. "Kwa muda" hudumu kuliko "milele".

Nyumba hii inaishi kwa kuwateremsha wageni mtoni, katika boti za mpira, kupitia maporomoko ya msituni. Mdogo wangu anaongoza boti. Shemeji anajaza upepo na kupokea simu. Mimi nakaribisha. Shemeji anadai wageni hukaribishwa mpaka wanaulizia choo.

Azimio: kufikia Jumamosi niwe mtu asiyehamishika.


Jumanne, tarehe 5

Bahati! Mdogo wangu amepoteza sauti. Nasema bahati kwa mtazamo wa kiutendaji. Alikuwa akikohoa tangu mvua zianze. Leo amefungua kinywa kumgombeza mpishi, ukatoka upepo mtupu. Mpishi ameshukuru hadharani.

Daktari wa zahanati amemkataza kupiga kelele wiki nzima. Na Ijumaa hii wanakuja wakubwa wa kampuni ya bima. Wakifurahi, wataleta wafanyakazi wao wote msimu huu. Wasipofurahi, ipo kambi nyingine ng'ambo ya mto, yenye boti mpya.

Boti haiendi kimyakimya. Nahodha hukaa nyuma na kasia refu la kuongozea, hutoa amri, na abiria huzitii. Amri zenyewe ni tano: Mbele. Nyuma. Acha. Shika. Chini. Hiyo ya mwisho ni ya poromoko kubwa: wote huchutama sakafuni, wakajifanya mizigo.

Shemeji alitaka kuahirisha. Nikasimama. Nikaeleza kwamba ndani ya nyumba hii imo sauti iliyowahi kujaza ukumbi mzima bila kipaza sauti. Shemeji akauliza kama ni ile inayomwamsha kila alfajiri, kupitia ukutani. Ndiyo hiyo hiyo.

Mdogo wangu alinivuta sikio hadi mdomoni pake. "Maneno matano tu, kaka. La sita usilitie." Nikacheka. Hakucheka.

Tumekubaliana: Ijumaa ikienda vizuri, nitakuwa sauti ya boti, na mwenye kazi hiyo hawezi kulazwa stoo. Shemeji amesema, tutaona. Katika lugha ya utawala hiyo ni ndiyo.


Jumatano, tarehe 6

Mazoezi uani. Boti juu ya majani, mpishi na mimi ndani, mdogo wangu nyuma akiashiria kwa mikono. Nikasema "Chini!" Mpishi akachutama. Nikasema "Mbele!" Mpishi akapiga hewa kwa kasia. Mafanikio kamili. Ni kweli nilianguka nje ya boti, lakini majani yalikuwa na umande.

Hata hivyo dhamiri inanisumbua. "Chini!" Hilo ni neno la kumwambia Mkurugenzi? Mtu aliyefikia cheo kile akaambiwa "Chini!" kama mbwa aliyepanda kochi? Nikamuuliza mdogo wangu, kwa upole, kama hawaoni kwamba kambi ya ng'ambo inatushinda kwa adabu. Akanijibu kwa kunionyesha mto. Sikuelewa mto ulihusikaje.

Jioni, mbele ya kioo, nimezifanyia amri zote tano marekebisho. Heshima si utumwa. Shemeji amegonga ukuta mara kadhaa. Nachukulia ni makofi.


Alhamisi, tarehe 7

Amekuja leo! Jumamosi iliyoahidiwa haikusubiriwa. Shangazi ameshuka na mzigo mmoja na mwavuli, mwanamke mfupi, mnene, aliyeuza samaki sokoni maisha yake yote. Akikuamkia, kuku wa jirani wanaitikia.

Chumba hakijawa wazi, kwa hiyo amelazwa stoo. Lakini kwanza alikwenda moja kwa moja hadi chumbani kwangu, akaketi kwenye kiti changu, akatazama mto kupitia dirisha langu. Nikasimama mlangoni, nikaanza kumkaribisha rasmi. Nilipofika "kwa niaba ya familia hii na kwa niaba yangu binafsi", alimgeukia shemeji, akauliza huyu baba anauza nini.

Kisha akaliona koti langu jeusi msumarini, limeota ukungu begani kwa unyevu wa msitu. Akataka kujua amefiwa nani. Nikamwambia ni la kesho, la botini. Alicheka hadi akashika ukuta. "Mwanangu, samaki watakuamkia shikamoo!"

Nimelipiga koti brashi. Ukungu umesogea tu.

Kisha nimepanga viti. Ni jambo ambalo kambi hii haijawahi kulifikiria. Wageni huingia botini ovyo, kama maharage yanavyoingia chunguni. Kesho wakubwa wote watakaa upande wa kulia, mkono wa heshima, kwa kufuata vyeo: Mkurugenzi mbele, Naibu wake nyuma yake, kisha Mhasibu Mkuu. Kushoto, dereva wao. Shangazi naye anataka kuja kutazama. Atakaa kushoto, nyuma kabisa, pale ambapo macho ya wageni hayafiki.


Ijumaa, tarehe 8

Naandika nikiwa nimekauka kiasi.

Wageni walifika asubuhi. Mkurugenzi ni mtu mkubwa kwa kila maana. Naibu ni mkubwa karibu sawa naye. Mhasibu Mkuu amewafuata kwa karibu. Dereva ni mwembamba kama kasia. Nikawaketisha kwa itifaki. Upande wa kulia ulizama mpaka maji yakawa yanachungulia ndani. Wa kushoto ukainuka, dereva akawa anatutazama kutoka juu, jambo lisilofaa kwa cheo chake.

Mdogo wangu alifungua kinywa kupinga. Hakuna kilichotoka. Shemeji, aliyebaki ukingoni na taulo, alitupungia mikono yote miwili. Nikampungia.

Msitu ni mzuri ukiwa chini yake. Miti imekutana juu ya mto, nyani walitusindikiza matawini, maji yamekuwa ya rangi ya chai kwa mvua za milimani. Mkurugenzi alisifu mandhari. Nikamshukuru kwa niaba ya mandhari.

Poromoko la kwanza linaitwa Kinyozi, kwa kuwa huondoka na kofia za watu. Nililiona kwa mbali. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti chini ya jaketi la kuokolea, nikaanza: "Mheshimiwa Mkurugenzi, Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi, Mheshimiwa Mhasibu Mkuu, ndugu dereva, kwa heshima na taadhima naomba sasa sote kwa pamoja..." Hapo tulikuwa tumekwisha kulipita. Kinyumenyume. Boti ilijipitia yenyewe, maji yakatuosha nyuso, wageni wakapiga vigelegele. Mkurugenzi akanipongeza kwa utulivu. Nikainama. Mdogo wangu akanipiga kasia kwenye kofia ngumu, nadhani kwa furaha.

Poromoko la pili ni Jungu. Maji yote ya mto yanaingia kwenye shimo moja baina ya majabali, yanachemka, kisha yanatoka yakiwa na hasira. Hapo ndipo panapohitajika "Chini!" Mdogo wangu alinigonga mgongoni. Nilikuwa tayari.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi..."

Naibu aliinua kasia. Hoja ya utaratibu! Akasema tangu Jumatatu yeye si Naibu tu, ni Naibu Mkurugenzi Mtendaji. Mhasibu Mkuu akasema barua ya cheo hicho yeye hajaiona. Sasa, mtu akitajiwa cheo pungufu, salamu yote imebatilika. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Nikaomba radhi. Nikarudia tangu mwanzo.

Nilikuwa nimefika "Mtendaji" boti iliposimama wima.

Wakubwa walitoka kwa kufuata vyeo. Hilo naliandika kwa fahari. Mkurugenzi kwanza, Naibu Mkurugenzi Mtendaji juu yake, Mhasibu Mkuu juu ya wote wawili. Mimi nilitoka nikiwa katikati ya sentensi. Chini ya maji pana ukimya wa ajabu. Hakuna anayekukatiza.

Nilipoibuka, niliona boti imepinduka, na juu ya tumbo lake ameketi Shangazi. Alipandaje, sijui. Sauti yake ilishinda mto.

"Wewe mwenye kitambi! Kamba hiyo, shika! Shika, baba, unatazama nini? Na wewe mwenye miwani, miguu mbele, usisimame! Mnang'ang'aniana nini? Mwachie mwenzio! We mwembamba, vuta huyo! Vuta!"

Mwenye kitambi alikuwa Mkurugenzi. Alishika. Wote walifanya walivyoambiwa, kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kikaoni. Dereva aliwavuta wakubwa wake mmoja mmoja hadi kwenye mchanga, na mdogo wangu akaikokota boti. Mimi nilikokotwa kwa koti.

Hakuna aliyeumia. Ukingoni Mkurugenzi, aliyepoteza kiatu kimoja, aliniuliza kama nina bima ya maisha. Nikamjibu sina. Akasema ni vizuri, ingekuwa hasara kwa kampuni.

Kisha akamwambia mdogo wangu kwamba ataleta ofisi nzima, kwa sharti moja: awepo yule mama.


Jumamosi, tarehe 9

Shangazi ndiye sauti ya boti. Imeamuliwa wakati wa chai, bila kikao. Ruba mmoja amepatikana ndani ya soksi yangu.

Nilikuwa nimeanza kukunja mashuka pale lilipotokea jambo nisilolitarajia. Shangazi alikuwa mlangoni pa jikoni akimenya viazi. Aliniita. Akasema chumba changu nibaki nacho. Yeye amelala stoo siku mbili na usingizi wake haujawahi kuwa mtamu hivyo. Hakuna dirisha, hakuna kelele. "Mto niupigie kelele mchana, halafu usiku uje kunipigia mimi kelele? Kaa na dirisha lako, mwanangu. Mimi na boti zangu tunasikilizana."

Mdogo wangu, ambaye sauti imeanza kumrudi kama redio yenye betri kuukuu, alifumba macho kwa faraja. Mpishi akasema Mungu mkubwa. Shemeji peke yake aliutazama ukuta unaotutenganisha, kwa huzuni.

Nilichotakiwa kusema ni ahsante.

Lakini tafakari. Chumba kizima, chenye dirisha, kinatolewa mlangoni pa jikoni, juu ya maganda ya viazi? Bila mwenyekiti? Bila hoja, bila wa kuiunga mkono? Kesho mtu akisema hakikutolewa, nitasimama juu ya nini? Juu ya maganda? Nikatangaza kwamba nimeguswa sana, na kwamba suala hili litawasilishwa rasmi kesho mbele ya kikao cha familia.

Mdogo wangu aliniomba. Kwa sauti ile ya kukwaruza. "Kaka, nakusihi. Sema ahsante, ukalale."

Nimemwambia haraka haraka haina baraka. Usiku wa leo sauti yangu kioo kitaisikia mpaka kichoke.


Jumapili, tarehe 10

Kikao kimeketi baada ya chakula cha mchana. Akidi imetimia. Koti limekauka, limepungua mikono.

Nilifungua hivi: "Mheshimiwa Shangazi; mheshimiwa shemeji, mwenye nyumba; mheshimiwa mdogo wangu; ndugu mpishi." Shemeji akainua mkono. Hajawahi kuinua mkono katika hotuba yangu yoyote! Akauliza, kwa adabu kubwa, kwa nini leo nimeanza na Shangazi wakati mwenye nyumba ni yeye.

Swali zuri ajabu. Nikalijibu kwa kirefu. Katika ofisi, cheo hutangulia. Katika familia, umri hutangulia, na hauna naibu. Mkubwa kwa umri hutajwa wa kwanza, hunawishwa wa kwanza, hupewa kiti cha mbele. Familia inayompa mdogo kilicho cha mbele, na mkubwa ikamwachia cha nyuma, hiyo si familia, ni foleni ya mafuta ya taa.

Shemeji akauliza kama kanuni hiyo inahusu viti peke yake, au na vyumba.

Mdogo wangu alikuwa akinitikisia kichwa. Lakini kanuni ni kanuni. Ukiikata mahali pamoja itakuvunjikia pote. Nikajibu kwamba inahusu vyumba hasa.

Shangazi akaruka. "Nimesema sikitaki! Kwani mmeziba masikio? Stoo yangu niachieni!" Nikamweleza kwamba heshima haimsubiri anayeheshimiwa aitake. Akaniita jina la samaki mmoja ambaye, naambiwa, hauziki. Nikaagiza maneno hayo yasiingizwe kwenye kumbukumbu.

Hoja ikatolewa, na mimi. Ikaungwa mkono na shemeji kabla sijaimaliza. Mpishi alisema vyovyote vile, viazi vya jioni vinaungua. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha uso mezani, mabega yakimtetemeka, ama kwa kilio ama kwa kicheko, na katika utaratibu wetu vyote viwili huhesabiwa kuwa ridhaa. Sijawahi kuongoza kikao kilichonyooka namna hii.

Basi, waheshimiwa, natangaza azimio la kikao hiki. Kitanda changu, kioo na koti vihamishiwe stoo ya pampu kabla ya jua kuzama, na Mheshimiwa Shangazi, akipenda asipende, aingizwe chumba cha mbele. Shemeji, kwa kuwa ni mkubwa, atashika kitanda upande wa kichwani. Mdogo wangu, miguuni. Mpishi atafuata na godoro. Naomba msinyanyue kwanza. Nitasema maneno machache.