Bourrée Iliyokatwa Mguu

Kwa Bwana Vauquelin, Mkuu wa Chuo cha Muziki, mjini.

Mheshimiwa Mkuu, na mwanangu pia, maana nakuzidi umri,

Huku mlimani ng'ombe wazima, jibini inaiva. Mimi ndiye yule bibi wa viatu vya mbao aliyetolewa ukumbini kwenu siku ya mtihani, kashikwa kwapa kama mlevi wa harusini. Shule sikusoma, kwa hiyo nitasema wazi. Nasikia Ijumaa mtaamua kama mjukuu wangu Noémie afukuzwe kwa sababu yangu. Kabla hamjaamua, haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Mlitangaza bourrée. Hiyo ni ngoma yetu sisi wa milima ya Auvergne, nimeicheza tangu sijamaliza kuota meno. Ina mapigo matatu. Noémie akaweka fidla begani, yakatoka mawili. Nikamuuliza mama wa pembeni, mwenye mkufu wa lulu, "Mwenzangu, pigo la tatu limekwenda wapi?" Akasema, "Hii ni ya ikulu ya mfalme, bibi." Kumbe. Wakubwa waliichukua ngoma yetu, wakaikata mguu, wakaipaka poda.

2. Mfalme mlimkata kichwa, ngoma zake mnazitunza kama mayai. Kuhusu kichwa sina neno.

3. Minueti, gavoti, sarabande, zote ni ngoma, na viti vyenu vimepigiliwa sakafuni. Mnakaribisha watu supu ya kabichi, kisha mnawaambia wainuse tu. Nikasimama nicheze. Mwalimu Delmas akaninong'oneza, "Bibi, keti." Nikamwambia, "Nimeketi tangu mchana, binti, makalio yamekufa ganzi. Sogea." Nikapiga visigino kwa matatu, kama inavyotakiwa. Mtoto akasikia miguu iliyomlea, vidole vikaifuata, mapigo mawili yakawa matatu. Nyinyi mnaita kosa. Huku kwetu mpigaji humfuata mchezaji, na asiyemfuata hapewi hata divai.

4. Halafu yale madoido. Kila sauti lazima itetemeshwe, ipindwe, ifungwe utepe, ipige goti kabla ya kuvuka mlango. Mtu akiomba chumvi namna hiyo, watu watalala njaa.

Kwa hiyo naomba viti ving'olewe vichomwe, baridi inakuja. Waamuzi wote, na wewe ukiwa mbele, mje zizini kwangu mtahiniwe mkiwa na viatu vya mbao. Atakayelikosa pigo la tatu afukuzwe yeye. Mkikataa, Noémie atabaki huku huku nyumbani akikamua ng'ombe, na sanduku la fidla litakuwa kiota cha kuku.

Nisalimie mkeo, mwalimu Delmas, mama wa lulu, na yule kijana wa mlangoni aliyenitoa nje. Mwambie mikono yake haina nguvu, ale.

Ni mimi niliyewachosha,
Léontine Chassagne, bibi yake Noémie

Nyongeza: Leo Noémie alidhani nimekwenda sokoni. Akapiga jikoni ile sarabande yenu, polepole, na madoido yote. Niliingia nimkemee. Nikaketi. Viazi vikaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi, na mguu wangu haukutikisika. Basi mwacheni mtoto, nifukuzeni mimi. Na kile kiti cha ukumbini kwenu, karibu na mlango, msikichome. Viatu nitavivua nje.