Malalamiko Dhidi ya Muuguzi Aliyenibonyeza kwa Kidole Kimoja

Ndugu Daktari Mkuu,

Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo ninalolalamikia.

Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilifika idara yako ya dharura nikiwa na maumivu ya kifua, upande wa kushoto. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka thelathini na mmoja na siandiki nisichokithibitisha: upande wa kushoto ndiko uliko moyo. Nilikuwa nimeshawaaga wenzangu chumba cha habari, na mke wangu ameshawapigia simu shemeji zangu wote. Yaliyofuata ni haya:

1. Muuguzi wa mapokezi, mwenye miwani iliyofungwa plasta mkono mmoja, alinihoji. Yalianza lini? Yanachoma au yanabana? Yanapanda kooni ukilala baada ya kula? Yanazidi ukivuta pumzi? Yanaenda mkononi, au kwenye taya? Ndugu Daktari, mwenye kuuliza maswali huwa ni mimi, na hata mawaziri huwa nawapa nafasi ya kumeza mate.

2. Alinibonyeza ubavuni kwa kidole kimoja. Nikapiga yowe. Badala ya kunipa pole, akauliza, "Jana ulibeba nini, baba?" Nilibeba kabati la majalada, ghorofa mbili, makatibu muhtasi wakiniangalia. Sijui hilo lilimhusu nini. Akaliandika.

3. Alinifunga nyaya za kupima moyo, "tuhakikishe tu". Karatasi ikatoka safi. Daktari akasema ni misuli. Misuli! Shemeji watatu walikuwa wameshapanda basi.

4. Hili ndilo zito. Dereva wetu, tunayemwita Breki kwa sababu haigusi, alinisindikiza tu. Hakujiandikisha, hakupanga foleni. Alikaa kwenye benchi akifuta jasho, feni ikivuma juu ya kichwa chake, akimweleza mfagizi kwamba ana kiungulia tangu alfajiri: kinambana kama amekaliwa kifuani, kinapanda hadi kwenye taya, na kwenye ngazi zenu kimemsimamisha mara mbili. Alikuwa akiongea na mfagizi. Muuguzi alisikiliza maongezi yasiyomhusu, akaniacha nyaya mbili zikining'inia, akaenda kumuuliza maswali yangu yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Breki akacheka. "Sista, mgonjwa ni yule mzee. Mimi ni gesi tu."

"Gesi haikutoi jasho chini ya feni, kaka. Kaa hapo hapo. Usinyanyue hata mguu."

Akatafunishwa kidonge. Akafungwa nyaya zangu, zikiwa bado na joto langu. Dakika saba baadaye alikuwa kwenye kitanda changu, na daktari aliyenipa mimi dakika nne akakaa naye hadi mchana. Kwa kifupi, mshtuko wa moyo nilioufuata mimi akapewa dereva.

5. Nilirudi ofisini kwa miguu, nikiwa na dawa ya kuchua.

Kwa hiyo naomba muuguzi huyo ahamishiwe chumba cha mafaili, ambako hakuna kifua cha kubonyeza. Naomba pia magonjwa ya moyo yatolewe kwa kufuata cheo na muda wa utumishi, na madereva waanzie kwenye misuli kama inavyostahili.

Wasalimie madaktari, mfagizi, na bawabu aliyenipisha mbio akidhani nakata roho.

Wako mwenye masikitiko na harufu ya dawa ya kuchua,
Mwandishi Mwandamizi, Habari za Mahakama

Nyongeza: Nimepita wodini. Breki anakula na anatukana mito yenu. Daktari ameniambia kwamba Breki angeshika usukani kunirudisha, tusingefika njia panda. Mke wa Breki amenishukuru kwa kuugua. Tafadhali usimhamishe muuguzi yule, hasa leo. Mhariri wetu amesimama mara tatu kwenye ngazi akishika kifua, shati limelowa jasho, na anasema ni gesi. Tuko kwenye teksi, karibu na lango lenu. Samahani kwa mwandiko.