Rangi ya Rozela

Siku ambayo waendesha bodaboda wa stendi ya Singida walianza kumsalimia kwa heshima iliyozidi, Leonidas alijua kwamba muda wake mjini umekwisha. Tapeli husitawi akiwa mgeni. Akishajulikana kwa jina, hana tofauti na mganga aliyeugua mbele ya wateja wake. Alikwisha kuwauzia watu wa pale antena za kuvuta mtandao kutoka Dodoma, na vifaranga wasiokufa, ambao walikufa Jumanne. Alichohitaji sasa ni kitu kimoja tu: chombo cha kumfikisha Tabora, mbali na nyuso zenye kumbukumbu.

Chombo hicho alikiona katika nyumba ya wageni ya Mama Theodora, juu kidogo ya Ziwa Kindai. Ilikuwa pikipiki nyekundu, imeegeshwa chini ya kibanda cha bati na kufunikwa shuka safi kama mtoto aliyelala. Mbele yake palikuwa na bwawa la kuogelea lenye maji ya ukungu, na vigae vyake vimeota ukoko mweupe kama wa birika la zamani. Wageni wawili walikuwa wakitoka majini huku wakifikicha macho. Leonidas aliitazama pikipiki, akalitazama bwawa, akaona kwamba Mungu amekwisha kuviweka karibu. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo.

Kesho yake alirudi amevaa koti jeupe. Alimkuta mwenye nyumba, mjane wa miaka sitini na kitu, akipeta alizeti uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani anaumwa?"

"Maji yako."

Mama Theodora aliendelea kupeta. "Naweka klorini kila siku. Haifanyi kazi."

"Haiwezi. Maji ya kisima cha huku yana magadi mengi, yanaikaba klorini koo."

Hili, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli. Leonidas hakujua hivyo. Alilisikia kwenye kibanda cha chai na akalipenda kwa sababu lilikuwa na mlio wa kitaalamu.

Akateka maji ya bwawa kwa glasi, akatia juisi ya rozela, ile ya maua mekundu makavu, aliyokuja nayo. Wekundu wa juisi ukageuka kijani mbele ya macho yao. Ungo ukatulia. Kisha akatoa kichupa mfukoni, akadondosha matone ya ile aliyoiita dawa, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa bado ndani ya limau sokoni. Kijani kikakimbia, wekundu ukarudi.

"Kijani ni ugonjwa, mama. Nyekundu ni afya."

"Nyekundu kabisa?"

"Kama hii unayoiona. Pungufu ya hapo, usinilipe."

Mama Theodora aliishika glasi mbele ya karatasi nyeupe, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya watu wanaotapeliwa. "Na unataka nini?"

"Fedha sitaki. Nitaichukua hata ile pikipiki, maana naona inapata vumbi bure."

"Ina shuka," alisema Mama Theodora. Lakini alileta daftari, akaandika kwa mwandiko ulionyooka: fundi atapewa pikipiki na kadi yake siku ambayo maji ya bwawa yatageuza rozela kuwa nyekundu, na maji hayo yasimdhuru mtu wala kigae. Leonidas alitia sahihi kwa wepesi wa mtu asiyekusudia kuyakumbuka maneno.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Alimimina bwawani madumu manne ya maji yenye harufu ya limau, na asubuhi akaja na glasi aliyoipaka limau kwa ndani. Mama Theodora akaja na glasi yake. Aliisuuza mara tatu kwa maji ya bwawa, akateka mwenyewe, akatia rozela.

Kijani.

"Dawa bado inatembea," alisema Leonidas.

"Itembee. Mimi nipo."

Pikipiki nayo ilikuwepo, imetulia chini ya shuka lake. Ndipo Leonidas alipofikwa na wazo ambalo halijapata kumjia tangu atoke kwao Kinampanda: labda ingekuwa rahisi zaidi kuifanya kazi yenyewe. Akaenda duka la vifaa vya ujenzi, kwa bwana mmoja aitwaye Abraham.

"Nataka kitu cha kushusha magadi kwenye maji mengi."

"Bwawa?"

"Tuseme bwawa."

Abraham hakuuliza la nani. Alimtolea glavu na asidi ile ambayo mafundi husafishia saruji kwenye vigae. "Tangulia kuweka maji kwenye ndoo, ndipo utie asidi, usije ukageuza. Kidogo kidogo, na mtu asiingie. Asidi itashusha magadi, ila itayaacha maji na ukali. Basi elekeza bomba la pampu juu, maji yaruke hewani. Hewa itaondoa ukali bila kurudisha magadi. Kesho rangi itarudi nyuma kidogo. Usikate tamaa, tia tena. Magadi ni kama mjomba wa bibi harusi, hakubali kwa kikao kimoja."

Ili kulipia, Leonidas aliuza simu yake ya pili, ile aliyokuwa akijipigia mwenyewe mbele ya wateja.

Alifanya kazi siku nne. Alitia asidi, akarusha maji, akapima, akatia tena. Aliusugua ukoko kwa brashi hadi magoti yakachubuka. Siku ya tatu alijisikia akimkaripia mgeni aliyetaka kuingia majini kabla ya wakati, naye mgeni akaomba radhi. Jambo hilo lilimtia hofu kidogo.

Jumapili asubuhi maji yalikuwa meupe kiasi cha kuhesabu vigae vya chini. Mama Theodora alikuja na glasi yake, amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Akatia rozela.

"Zambarau," alisema.

"Imebaki dumu moja, mama. Moja tu, itakuwa nyekundu."

"Itakuwa. Na saruji itaanza kulika, na macho ya wageni yatafuata. Maji mazima ya kuogelea hayaigeuzi rozela kuwa nyekundu, baba. Yanaishia hapa hapa. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wa kemia kila mwaka, miaka thelathini na mmoja. Abraham alikaa dawati la mbele."

Leonidas aliitazama tena ile zambarau.

"Ulijua tangu siku ile."

"Nilijua kazi ya kufanya. Mgongo wangu haubebi tena madumu, na fundi wa Dodoma hana nafasi hadi mwezi ujao. Wewe ukaja na koti."

"Kwa hiyo pikipiki..."

"Siku rozela itakapokuwa nyekundu na mtu asidhurike, ni yako. Tumeandikiana." Akamkabidhi glasi. "Chai ipo jikoni. Bwawa hupimwa kila asubuhi, na chumba cha uani hakina mtu. Fikiri."

Mama Theodora akalivuta shuka la pikipiki, akalikunja mara nne, akajifunga kitenge vizuri na kupiga kiki. Injini ilikubali mara ya kwanza. Mlio ukateremka taratibu kuelekea mjini, hadi kengele za kanisa zikaumeza.

Leonidas alibaki kando ya maji aliyoyaponya. Katika mfuko wa koti vidole vyake vilikuta nusu ya limau. Akaikamulia ndani ya glasi. Zambarau ikayeyuka, na juisi ikawa nyekundu, nyekundu kabisa, kama alivyoahidi. Akaiinua kwenye mwanga, akageuka kushoto, akageuka kulia.

Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.