Vigingi Ishirini vya Barabara ya Themi

Jumatatu, 6 Machi 1911. Arusha.

Leo nimeanza kuandika. Mtu mkubwa lazima aache kumbukumbu, na mimi baada ya siku nane nitakuwa mkubwa. Bwana Shauri, Mdachi anayeamua kesi Boma, atateua Msimamizi wa Miti ya Serikali. Mmoja tu! Tunaoitaka kazi ni wawili. Mimi, Hatibu, mtoto wa Pangani, niliyesoma shule ya Serikali Tanga. Na Eliamini, Mmeru wa misheni, ambaye sifa yake yote ni kwamba miti yake haifi. Bahati tu.

Barabara imegawanywa. Yeye ana miti ishirini ya kivuli, miringaringa, kutoka Boma hadi sokoni. Mimi ishirini kutoka sokoni hadi mto Themi. Jumanne ijayo atapita Bwana Miti, yule Mdachi anayekagua misitu. Mwenye safu nzuri anapata kazi, na pamoja na kazi nyumba ya bati nyuma ya Boma.

Siwema, mke wangu, ameisikia habari ya bati. Paa letu la nyasi linavuja, na masika yako mlangoni. Ameniambia kwa upole kabisa kwamba nikiikosa nyumba ile, yeye anafuatana na msafara wa ngozi hadi Moshi, na kutoka Moshi hadi kwao Pangani. Siwema akipiga kelele sina wasiwasi. Akisema kwa upole, naogopa.

Jumanne, 7 Machi

Boma limenipa matangazo ishirini. Ni marufuku kukata mti wa Serikali, kuuchubua, kuufungia mbuzi au kuupigilia msumari. Nimeyapigilia yote kabla ya adhuhuri. Misumari minne kila mti, upepo usije ukaiba. Kazi safi!

Eliamini alipita na ngazi yake begani. Akasimama, akasoma, akaniuliza kama nimeufikia mstari wa mwisho. Nikamjibu kwamba mimi husoma kwa herufi za Kizungu na za Kiarabu. Yeye ya kwake ameyafunga kwa kamba za mgomba. Ushamba!

Jumatano, 8 Machi

Karani wa Boma ameufikia mstari wa mwisho. Nimeng'oa misumari themanini na kuziba matundu themanini kwa majivu na mavi ya ng'ombe. Siwema amenizuia mlangoni. Chakula nimekula uani, pamoja na kuku, ambao nao walisogea mbali.

Amri mpya. Kabla ya ukaguzi kila mti uwe na kigingi chenye namba, upande wa barabara. Haya, vigingi ni miti. Kukata hata fimbo kunataka cheti. Cheti kinatiwa sahihi na Bwana Shauri. Bwana Shauri amekwenda Ufiome kuwinda, harudi mpaka Jumatatu. Nikamwuliza karani Eliamini atafanyaje. Kumbe aliomba cheti chake mwezi uliopita! Mtu mwenye hila hujulikana tu.

Alhamisi, 9 Machi

Akili ni mali. Nimeisoma sheria ya misitu neno kwa neno. Imetaja mikangazi, mierezi, miloliondo, hata mikuyu. Masale haikuyataja! Ni yale majani marefu ya kijani ambayo Wameru wamejaza kwenye ua wa kila shamba la migomba. Shina lake limenyooka, halina miiba, na si mti. Basi halitaki cheti.

Nikaenda kwa Mzee Lesikar, ambaye migomba yake inapakana na miti yangu. Alikuwa na kinyongo na Boma tangu walipomega shamba lake ili kupanda safu ile. Nikamwamkia shikamoo ya adabu, nikamwomba mashina ishirini. Akauliza nitayachomeka wapi. Nikamwambia. Akauliza tena. Nikamwambia tena. Akamwita mkewe, Mama Anyesi, nirudie mara ya tatu naye asikie. Wazee na masikio yao! Mwisho akasema nichukue, ila nisubiri kesho ayachague mwenyewe. Bure kabisa. Nimemchezea kama mtoto.

Nikirudi nilikutana na Eliamini. Aliposikia masale alishtuka, akasema kuna jambo ni lazima nilijue. Nikamkata kauli. Wivu una harufu yake.

Ijumaa, 10 Machi

Baada ya swala nimevichomeka vyote ishirini. Mstari umenyooka, namba nyekundu zinang'aa. Mzee Lesikar alikuja na wazee wanne wenzake na kibuyu cha pombe ya ndizi. Akaniuliza mbele yao kama ninachomeka kwa mkono wangu mwenyewe, kwa jina la Boma. Nikasema kwa sauti, ndiyo, kwa jina la Boma! Wazee wakatingisha vichwa, wakanywa, wakanipigia makofi. Hawa ndio watu wanaojua kuheshimu kazi ya mtu.

Nimemwambia Siwema aanze kufunga vyombo vya kuhamia kwenye bati. Amesema vimeshafungwa. Sikumwuliza kwa safari ipi.

Jumamosi, 11 Machi

Balaa. Watu wangu wa zamu, Wameru sita, wameleta maji mpaka kwenye vigingi wakatua ndoo. Hawavuki. Nikawafokea. Hawavuki! Wakasema masale yakichomekwa mbele ya wazee ni mpaka, na hapo mbele ni kwa Mzee Lesikar. Tukitaka kumwagilia tukabishe hodi.

Mbuzi watatu wa mzee wamefungwa kwenye mringaringa namba saba. Nikaenda na tangazo mkononi, nikamsomea marufuku yote. Alisikiliza vizuri sana. Halafu akanijibu kwamba tangazo linasema mti wa Serikali.

Jumapili, 12 Machi

Mambo ya mstari wa vijiti hayanishindi. Alfajiri nimekwenda kuving'oa. Nilipong'oa cha kwanza Mama Anyesi alipiga yowe, na watu waliokuwa wakienda kanisani wakageuka wote. Mzee Lesikar hakupiga kelele. Alikuja amejifunga rubega lake, akakitazama kile kishimo, akaniambia kwa upole kabisa kwamba tutaonana Boma kesho. Huo upole! Nilidhani ni wa Siwema peke yake.

Naogopa. Naandika ukweli, maana daftari hili halisomi mtu. Msafara wa ngozi unaondoka Jumatano.

Jumatatu, 13 Machi

Wenzangu walikuwa kwenye Maulidi. Mimi nilikuwa barazani Boma, nimesimama.

Mzee Lesikar alitoa mashahidi wanne na mkewe. Bwana Shauri alinicheka kwanza, akasema Serikali haipotezi ardhi kwa vijiti. Ndipo karani akamfungulia daftari la mashauri. Miaka mitatu nyuma, kwa mkono wake mwenyewe, Bwana Shauri aliandika kwamba kwa Wameru masale ni mpaka halali, ili asisumbuliwe tena na kesi za migomba. Akausoma mwandiko wake mara mbili. Shingo ikawa nyekundu kama namba zangu. Akaamua: kipande kimerudi kwa Mzee Lesikar, na miti yake. Mzee akasema miti ibaki, kivuli kizuri.

Likabaki shauri langu la kung'oa mpaka wa mtu. Viboko ishirini na tano na kufukuzwa Arusha, isipokuwa mwenye mpaka anisamehe. Askari tayari alikuwa amekunja mikono ya shati. Nikawaona wanawake wa sokoni dirishani, na Siwema kati yao, mtandio mdomoni.

Eliamini akaninong'oneza kutoka nyuma yangu. Amekuja na jani la sale ndani ya joho lake! Akasema nilishike kwa mikono miwili, nimpe mzee, ninyamaze. Hasa ninyamaze. Anayepewa jani lile hawezi kukataa kusamehe, ndivyo walivyo Wameru tangu mababu. Nikampa. Mzee akalipokea, akasema amenisamehe. Nimelia mbele ya Boma zima, sioni haya kuliandika.

Jumanne, 14 Machi

Bwana Miti amepita. Safu ya Eliamini haikuwa na kovu hata moja. Safu yangu hakuikagua, maana si ya Serikali tena. Kazi ni ya Eliamini.

Nikarudi nyumbani miguu mizito kumuaga Siwema. Hakuwapo; nikamkuta nyuma ya Boma, anafagia nyumba ya bati. Eliamini ana nyumba yake nzuri huko Akeri, na amesema bati likinyeshewa humnyima usingizi. Amemwambia Siwema nyumba ya Boma tukae sisi, mradi mimi nikubali kuwa mbeba ngazi wake. Siwema alishakubali kwa niaba yangu. Mvua ya kwanza imeshuka jioni, na ndani hakuna hata tone. Siwema amecheka peke yake akilisikiliza bati. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Pangani. Nimefurahi, nami nimecheka.

Jumatano, 15 Machi

Msafara umeondoka bila Siwema. Nimebeba ngazi asubuhi nzima na kuwaza. Nimepata somo kubwa. Jani moja, na hakuna anayeweza kukukatalia! Wameru wamekaa na mali hii karne nzima, na kazi yao ni kulitumia baada ya kukosa. Upungufu wa elimu. Mwenye akili huliweka tayari kabla.

Mpango uko hivi. Kesho naificha ngazi ya Eliamini, keshokutwa Bwana Miti ataona Msimamizi mpya hana ngazi, na kazi itakuja kwangu. Jani moja kwa Eliamini. Jani moja kwa Bwana Shauri, kwa barua ya kunisifu nitakayomwandikia kwa sahihi ya karani. Jani moja kwa karani.

Nimekata majani arobaini, ya kutosha hadi mwisho wa mwaka. Nimeyakata kwenye ua wa Mzee Lesikar, bila kumsumbua kwa kumwuliza. Akikasirika, la kwanza ni lake.