Nondo Mmoja, Baiskeli Moja

Jumanne, 3 Mei 1938. Ubungo.
Yule Mzungu mkusanya wadudu, sie twamwita Bwana Dudu, katangaza: atakayemletea nondo fulani mdogo, mabawa yakiwa kamili, atapewa baiskeli yake ya zamani. Nondo mwenyewe hazidi ukucha wa kidole gumba! Kijivu kama majivu, mstari wa kahawia, nukta nyeupe kila bawa. Mie niliyemkaba chui Karagwe kwa mkono mmoja! (Wa pili ulishika kiko.) Na baiskeli naihitaji hasa. Nimekwisha waambia mashemeji zangu kuwa ninayo. Wanakuja Jumapili kuiona.

Jumatano, 4 Mei.
Nimempata! Juu ya kanga ya mke wangu Auleria, karibu na taa, katua mwenyewe. Nukta zote mbili. Lakini mchafu! Mabawa vumbi tupu. Nimpelekee Bwana mkubwa kitu kichafu? Nimemfuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Vumbi limetoka lote, na nukta zimekwenda nalo. Anang'aa kama kioo. Auleria kauliza kama nampeleka kwa Mzungu au kikaangoni. Mwanamke huyu!

Alhamisi, 5 Mei.
Bwana Dudu kapiga kelele mpaka mbwa wake kakimbia. Eti lile vumbi ndiyo rangi yenyewe! Rangi gani ya kupangusika? Nimesoma hadi darasa la pili, hawakufundisha upuuzi huo. Mlangoni nikapishana na jirani yangu Leonardi, mchonga vinyago. Ana nondo kama yuleyule ndani ya kifuu, kamfunika jani. Hata hakumsafisha! Hana haya!

Jumapili, 8 Mei.
Mashemeji wamefika. Nikawaambia baiskeli nimemwazima jirani. Papo hapo Leonardi huyo, yuko juu yake, kengele krii krii! Nikamfokea arudishe chombo changu. Mshenzi akashuka, akanipa shikamoo kwa adabu zote, akasema karibu kaka nikupakie nyuma, ila uje na yale mafuta yako ya nazi, mnyororo unalia. Mashemeji wamecheka hadi chai ikawatoka puani. Auleria kawazidi. Hasira imenikata hamu ya wali. Nimekula sahani mbili tu.

Jumatatu, 9 Mei.
Bwana Dudu sasa anataka kipepeo wa manjano wa Kimbiji. Zawadi, saa ya mfukoni. Leonardi asahau! Mashemeji nimewaambia kabla hawajaondoka kuwa saa ninayo, iko kwa fundi. Na kosa la mafuta sirudii, mie si mjinga.
Nimenunua sabuni.