Baiskeli Ndani ya Lubugo

Jumatatu, 2 Februari

Nimenunua baiskeli ya kukunjwa. Ya Kijapani, ya mitumba, magurudumu madogo kama sahani za pilau. Nikiipanda, magoti yananifikia kifuani. Haidhuru. Hajati Shifa ametangaza kwamba Jumamosi atamkabidhi mmoja wetu ufunguo wa duka la kanzu. Ataangalia nani anawahi. Mwenye ufunguo ndiye meneja. Tuko wawili: mimi na Swaibu. Swaibu analala nyuma ya msikiti, pale pale Old Kampala, mlango wa duka anauona akiwa kitandani. Mimi natoka Kisugu. Haki iko wapi?

Mpango wangu: taksi hadi paki, kituo kikuu cha mjini, baiskeli imekunjwa miguuni. Pakini naikunjua, napanda kilima, nawapita wote waliokwama kwenye jamu. Mke wangu Aryemo, ambaye ni polisi, aliuliza kama kondakta amekubali. Nikamwambia kondakta haulizwi.

Jumanne, 3 Februari

Kondakta hakukubali. Anaitwa Byron, ndiye mkubwa wa stegi yetu ya taksi. Alisema baiskeli ina magurudumu yake, ijipeleke. Abiria wakacheka. Taksi zilizofuata nazo zikaniacha. Nilipofika, Hajati alikuwa ameshafungua, na Swaibu ameegemea mlango na kikombe cha chai. Aliniuliza kwa upole kama Kisugu jua huchelewa kuchomoza.

Jioni nikapitia Kalerwe kutafuta cha kuifunikia. Nikapata lubugo, ile nguo ya gome la mti. Rangi ya udongo, haionyeshi uchafu. Mama aliyeniuzia akanipa pole. Nilidhani ni kwa ajili ya jasho.

Jumatano, 4 Februari

Byron aliliona furushi, akavua kofia. Mama mmoja wa kiti cha mbele, Vera kwa jina, akageuka.

"Kitalo, ssebo, pole sana. Nani ametuacha?"

Ndipo nilipokumbuka Waganda hufunga nini ndani ya lubugo. Mimi Mwacholi, mtoto wa kambi ya polisi. Sisi tulizika kwa blanketi. Ningeweza kusema ukweli, lakini Byron alikuwa tayari anawasogeza watu, na kiti kizima kimekuwa changu. Nikasema ni mifupa ya babu. Shamba alikozikwa limeuzwa, namhamishia kwangu Kisugu, nyuma ya nyumba.

Hakuna aliyeuliza kwa nini basi namtoa Kisugu. Huzuni ni kitu kizuri. Redio ikazimwa. Dereva hakusimama tena kuokota abiria. Vera alipapasa furushi kwa heshima, akakuta pedali, akasema mzee alikuwa na mifupa imara. Nikasema alikuwa afande.

Pakini nilijificha nyuma ya vibanda vya viatu, nikamkunjua babu, nikapanda kilima. Hajati alinikuta nimesimama mlangoni peke yangu. Swaibu bado alikuwa kwenye chapati zake. Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo kazini. Mchana furushi nililificha stoo, limefungwa vizuri, jioni nikarudi nalo. Swaibu asijue siri.

Alhamisi, 5 Februari

Byron alishangaa mzee hajazikwa bado. Nikasema nilimpeleka mjini kutafuta vibali, na mwenyekiti wa mtaa hajapiga muhuri. Taksi nzima ikatikisa kichwa. Wote wanawajua wenyeviti.

Kwenye shimo la Nsambya tuliruka, na kengele ya baiskeli ikalia. Ngring. Mwanamume wa nyuma akaanza kutafuta mlango. Nikasema babu alipostaafu uafande alikuwa mpiga kengele wa kanisa, akazikwa nayo. Vera akafuta machozi.

Nimewahi tena. Hajati ameniita "Oola mwanangu". Swaibu hakumaliza chai yake.

Ijumaa, 6 Februari

Vera aliingia dukani kumtafutia mkwewe kanzu. Aliniona, akanishika mikono miwili, akanipa pole mbele ya Hajati kwa ajili ya jajja, yaani babu. Hajati akauliza jajja yupi, na yuko wapi. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Vera akanyoosha mkono: si huyo hapo?

Hajati alikaa chini. Swaibu, aliyekuwa ameegemea furushi, akahamia barabarani.

Nilipata nafasi ya kusema ni baiskeli. Nikafikiri. Mwongo hapewi ufunguo. Nikainamisha kichwa. Hajati akasema mzee wa watu hawezi kulala kati ya maboksi ya kanzu. Kesho duka tutalifunga, twende sote Kisugu tukampumzishe. Swaibu akasema kutokea barabarani kwamba kaburi atachimba yeye.

Jumamosi, 7 Februari

Alichimba. Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa moyo vile. Alichimba katikati ya dodo za Aryemo, mchicha wake wa mboga, na shimo likawa refu kuliko nilivyotarajia. Byron alileta taksi nzima ya waombolezaji. Vera aliimba, Hajati akaomba dua. Tulipomteremsha, kengele ikalia, na Byron akawaeleza wasiojua kwamba marehemu alikuwa mpiga kengele. Nililia. Nililia kweli, maana baiskeli ile niliipenda.

Nilikuwa nimepanga kuifukua kesho asubuhi, wakiwa kanisani. Ndipo Hajati akaamuru saruji ishushwe. Sadaka yake. Swaibu aliimwaga na kuisawazisha kwa mwiko hadi ikang'aa.

Kabla ya kuondoka Hajati alinivuta pembeni. Alisema ufunguo ulikuwa wangu, moyo wake ulishaamua tangu Alhamisi. Lakini mfiwa habebeshwi mzigo. Atamjaribu Swaibu hadi Ramadhani, mimi nipumzike. Iliniuma sana.

Aryemo alirudi kutoka zamu akakuta watu wanaosha mikono. Aliuliza nani yuko kwenye dodo zake. Nikasema babu. Akasema babu yuko Gulu, amempigia simu asubuhi, anaulizia miwani yake.

Jumapili, 8 Februari

Aryemo haongei nami. Nimekaa kwenye saruji, nikatafakari makosa yangu kwa uaminifu. Nimelipata kosa lenyewe. Ni kengele.

Kalerwe kuna baiskeli nyingine ya kukunjwa, nyekundu. Nimeikagua, haina kengele. Kipande cha lubugo kilibaki kikubwa tu. Swaibu ana ufunguo wa majaribio, na mtu wa majaribio hakosi kuchelewa siku moja.

Nimeshampigia Byron aniwekee kiti. Kesho namleta bibi.